Muulize Mzee wa Wadudu: mume mmoja, wake wa kila rangi

Toleo lililopita tuliweka picha ya vipepeo wawili wamekaa kwenye jani moja huko msituni wakipandana, mmoja wa manjano iliyofifia mwenye mikia miwili, mwingine mweusi mwenye mabaka meupe na hana mkia hata wa dawa, alafu chini yake tukaandika "Papilio dardanus, dume na jike". Nilijua kuna watu watabisha ila sio kwa kiasi hiki, meseji zimeingia mpaka simu ya ofisi ikawa inaganda. Nimechagua zile zinazojibika, zingine zilikuwa matusi tu na hizo nimewaachia wenyewe. Huyu kipepeo humu ndani nitamwita dardanus tu ili tusichoshane.

Shikamoo Mzee wa Wadudu. Nawafatilia siku nyingi na nawaheshimu ila kwa ile picha mmechemka. Hao ni vipepeo wawili tofauti kabisa, mabawa hayafanani umbo wala rangi, ata mtoto wa darasa la pili anaona. Rekebisheni.

Marahaba mwanangu. Hatujachemka, na wala usijisikie vibaya maana mabingwa wa vipepeo wa Ulaya nao walibisha hivohivo kwa miaka.

Iko hivi. Dume wa dardanus popote utakapomkuta Afrika sura yake ni ileile, manjano ya krimu, ukingo mweusi, na mkia mmoja kwenye kila bawa la nyuma. Kwa jike sasa ndo kuna kazi. Huku bara, kuanzia Afrika Magharibi mpaka mashariki na kushuka hadi Afrika Kusini, majike wengi hawana mikia na wana sura zaidi ya moja, na sura nyingi kati ya hizo, kila moja imeigiza kipepeo wa ukoo mwingine kabisa ambaye ndege hawamtaki. Yule wa kwenye picha amemuiga Amauris niavius. Yupo mwenzake wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na baka jeupe kwenye ncha, huyo anamuiga Danaus chrysippus, ambaye nyote mshamuona maana yuko kila sehemu mpaka kwenye majani ya kando ya barabara. Yupo mweusi mwenye madoa madogomadogo, huyu anawaiga Amauris echeria na Amauris albimaculata. Na ukienda Uganda au Kenya magharibi utamkuta mwenye mkanda wa chungwa bawa la mbele na weupe bawa la nyuma, huyo kamkopi Acraea poggei. Na bado kuna wengine sijawataja, nafasi ya gazeti ni ndogo.

Zamani hao majike kila mmoja alikuwa na jina lake la kisayansi, walihesabiwa spishi mbalimbali. Mwaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa anaishi Cape huko Afrika Kusini, akachapisha makala akisema jamani hawa wote ni wake wa mume mmoja. Hoja yake mi naipenda kwa sababu ni rahisi, aliona ile "spishi" ya manjano yenye mikia kwa upande wa huku bara ni madume matupu, na zile "spishi" zingine ni majike matupu, sasa hao wanazaliana na nani? Na kule Madagaska jike wa aina hiihii anafanana na dume wake kabisa, mikia ikiwemo. Wakubwa wakakataa katakata. Ikabidi watu waanze kufuga, wanachukua mayai, wanalea viwavi, wanasubiri wanachotoka, na kweli ndugu wa mama mmoja wakatoka wa manjano wenye mikia na weusi wasio na mikia.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe siku ukimkuta ametua, hesabu miguu. Amauris na Danaus miguu yao ya mbele ni vijikono vimekunjwa kifuani havitumiki kutembelea, kwaiyo utaona wanasimama kwa miguu minne. Dardanus anasimama kwa sita. Rangi kaiba ila miguu imemuumbua.

Mzee, sasa faida ya kuigiza ni ipi? Na kwanini dume naye asiige, au yeye anapenda kufa?

Swali la pili ni zuri kuliko unavyofikiri. Tuanze na la kwanza.

Danaus chrysippus akiwa kiwavi anakula mimea yenye utomvu mweupe, ambayo mingi ina kemikali za kuvuruga mapigo ya moyo. Yeye haimdhuru, anaiweka mwilini inabaki mpaka anakuwa kipepeo. Ndege mgeni wa mambo anamdaka, anameza, baada ya muda anaanza kutapika, na kuanzia siku hiyo akiona ile rangi anageuza njia. Hili lilijaribiwa Marekani miaka ya 1960 na Lincoln Brower, alitumia kipepeo ndugu yake, Danaus plexippus, na ndege wa huko wa ukoo wa kunguru, ndege walitapika kweli na baada ya hapo wakigoma kugusa hata vile vipepeo visivyo na sumu vilivyofanana nae. Akina Amauris nao ladha yao haifai.

Dardanus hana sumu hiyo. Yeye ni kitoweo safi kabisa, anakula mimea ya jamii ya ndimu. Kwaiyo anachofanya jike ni kuvaa rangi za wenye sumu na kujiendea zake polepole, maana hata mwendo ameiga, anaelea kwa madaha kama wao badala ya kukimbia.

Ila hii dili ina mipaka na hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Ni mambo ya noti bandia, zinapita sokoni endapo noti halali ni nyingi, zikizidi watu wanaanza kuzikagua kwenye mwanga. Waigaji wakiwa wengi kuliko wenye sumu ndege atakula mmoja, atakula wa pili, ataona mbona watamu, na rangi ile haitamtisha tena. Ndo maana inawalipa majike wa dardanus kugawana sura, hawa wamuige huyu, wale wamuige yule, ili pasiwe na sura moja iliyojaa kupita kiasi. Na watafiti wa zamani walilinganisha dardanus wa Entebbe, ambako vipepeo wenye sumu walikuwa tele, na wa Nairobi ambako walikuwa wachache. Entebbe majike walikuwa wameiga vizuri karibu wote, Nairobi walikuwepo wengi zaidi wenye sura za kubabaisha, nusu hiki nusu kile, kwasababu pale hata ukiiga vizuri hamna ndege aliyefundishwa kuogopa.

Kuhusu dume. Zipo sababu mbili zinazotajwa sana. Ya kwanza, jike ndo mwenye kazi ya hatari, tumbo limejaa mayai hawezi kukimbia, na lazima azunguke chinichini kwenye vichaka jani kwa jani akitafuta pa kutagia, yaani ndege ana muda wote wa kumlenga. Dume anapita kwa kasi. Ya pili, dume akibadili sura majike watamtambuaje, na madume wenzake watajuaje kwamba huyu ni mpinzani wa kufukuzwa? Kwaiyo yeye kabaki na sura ya ukoo. Kule Ethiopia majike wengi bado wana sura ya dume, na wapo wachache wanaoiga wenye sumu lakini mikia bado wanayo, wameacha nusu ya kazi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kama mama mmoja anazaa mabinti wa sura tofauti, je zile sura hazichanganyiki zikatokea za katikati? Na watoto wa kiume wanarithi nini?

We utafika mbali. Ukiacha sehemu kama ile Nairobi niliyoitaja, zinachanganyika mara chache sana, na hilo liliwaumiza vichwa watu muda mrefu, maana rangi ya bawa, umbo la mabaka, vyote hivyo inatakiwa virithiwe kwa pamoja, ukirithi nusu ya hiki na nusu ya kile unakuwa hufanani na yeyote na ndege anakula.

Jibu walilipata Cyril Clarke na Philip Sheppard kule Liverpool kuanzia miaka ya 1950, kwa kupandisha dardanus wa sehemu mbalimbali za Afrika na kuhesabu watoto. Wakakuta sura yote inaamuliwa na sehemu moja tu ya kromosomu, yaani ule uzi wa urithi ulio ndani ya seli, inafanya kazi kama swichi. Zipo aina nyingi za hiyo swichi na zina ukubwa na udogo, aina moja ikikutana na nyingine moja ndo inaonekana na nyingine inajificha. Ile sura nyeusi yenye mabaka meupe iko chini kabisa, mpaka binti aipate kwa baba na kwa mama ndo itokee. Miaka ya karibuni wataalam wa jeni wamekuta swichi yenyewe iko kwenye jeni inayoitwa engrailed, ambayo kazi yake ya kawaida ni kugawa mwili wa mdudu katika vipande akiwa bado ndani ya yai.

Na watoto wa kiume wanarithi swichi hizohizo kama dada zao. Haziwaki tu. Dume wa manjano unayemuona anapita anaweza kuwa amebeba swichi moja ya sura ya Danaus na moja ya sura ya Amauris, yeye haimhusu, atakwenda kuwapa mabinti zake.

Nichomekee kitu hapa. Huyo Clarke kazi yake ilikuwa daktari wa watu, vipepeo ilikuwa mambo ya wikiendi. Kuhangaika na urithi wa vipepeo ndo kulimuingiza kwenye urithi wa makundi ya damu, na yeye na wenzake wa Liverpool wakawa miongoni mwa waliobuni ile sindano ya anti-D wanayochomwa kina mama wenye damu ya Rh hasi ili mtoto anayefuata asipate matatizo. Kwaiyo mtu akikuuliza vipepeo vinasaidia nini, jibu unalo.

Shikamoo mzee. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, wanangu darasani wanataka kufuga huyo dardanus toka yai mpaka kipepeo. Inachukua siku ngapi na tufanyeje wasife?

Marahaba mwalimu. Jumla weka mwezi mmoja na nusu mpaka miwili, kutegemea joto, kukiwa na baridi wanachelewa.

Kwanza mtafute jike, na njia nzuri sio kumkimbiza, ni kuujua mti wake. Viwavi vyake vinakula miti ya msituni ya jamii ya michungwa, hasa ile ya Vepris, ambayo vitabu vya zamani vinaiita Teclea, na pia Clausena, ukiponda jani la hiyo miti linanukia. Kaa karibu na mche mdogo wenye majani machanga uliopo kivulini au ukingoni mwa msitu. Jike akija utamjua, hatulii, anatua kwenye jani anapigapiga kwa miguu ya mbele harakaharaka kisha anaondoka, anatua la pili, anapiga tena. Pale anaonja. Vipepeo wana vionjeo miguuni, anakwaruza kidogo uso wa jani apate kemikali zake ajue kama ndo mti wenyewe, akiridhika anakunja tumbo kwa chini na anaacha yai moja, moja tu, anahama. Yai ni kidonge cha mviringo cha manjano hafifu, dogo kuliko kichwa cha pini ya kawaida, kwaiyo waambie watoto waangalie kwa makini na wakate kitawi chote sio kubandua yai.

Baada ya kama wiki moja au pungufu yai linabadilika rangi na kiwavi anatoboa. Chakula chake cha kwanza mara nyingi ni ganda la yai lenyewe. Alafu anaanza majani, na huyu ni mchaguzi hatari, ukimpa majani ya mti mwingine anakaa anakuangalia mpaka afe na njaa. Katika udogo wake anafanana na kinyesi cha ndege, kahawia na baka jeupe, anang'aa kama kimedondoka sasa hivi, tena anakaa juu ya jani waziwazi maana nani atakula kinyesi. Shida ni kwamba akikua ule uongo haukubaliki tena, hamna kinyesi cha ndege kikubwa hivyo chenye miguu, kwaiyo akijivua ngozi kuingia umri wa mwisho anageuka kijani na kuanza kujifanya sehemu ya jani. Anajivua mara nne kwa jumla na kipindi chote cha kiwavi ni wiki tatu nne hivi. Msimsumbue siku anapojivua, anakuwa amesimama kimya hali, watoto watadhani anaumwa.

Siku ya kuingia kwenye pupa, ile hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa kipepeo, anaacha kula, anajisaidia kinyesi laini, anatembeatembea sana. Hapo ndo wengi wanapokosea, wanamweka kwenye chupa ya plastiki laini anateleza. Mpeni kijiti au tawi. Atafuma kipande cha hariri cha kushikia mkia wake, kisha anafuma uzi wa kupita mgongoni, anaulalia kama fundi wa nguzo za umeme, na kesho yake au keshokutwa ngozi inapasuka na pupa anabaki, kijani, bapa, ukimtoa macho sekunde moja unamtafuta upya. Hapo msiguse kabisa, saa za mwanzo pupa ni laini na akigongwa anatoka na bawa bovu.

Ndani ya pupa sio kwamba kiwavi anaota mabawa tu, sehemu kubwa ya mwili wa zamani inayeyushwa na kutumika kama malighafi, na kuna vifungu vidogo vya seli alivyokuwa navyo tangu udogo, hivyo ndo vinakua kuwa mabawa, miguu, macho na vipapasio. Wiki mbili na kidogo. Siku ya mwisho ganda linakuwa jembamba mpaka rangi za mabawa zinaonekana kwa nje, na hapo darasa lako linaweza kubishana ni dume au jike wa sura gani, waache wabishane. Anatoka mara nyingi asubuhi, mabawa yamekunjamana, anapanda juu ananing'inia anasukuma maji ya mwili kwenye mishipa ya mabawa mpaka yanyooke. Akikosa pa kuning'inia mabawa yanakauka yamekunjika na huyo hataruka maisha yake yote. Atadondosha matone ya maji machafu ya rangi, sio damu, ni uchafu aliokusanya ndani ya pupa. Mpeni saa moja mbili na zaidi akauke, kisha mfungulieni palepale mlipotoa yai.

Mzee mimi nina miche ya ndimu, imejaa hivyo viwavi vya sura ya kinyesi, nikivigusa vinatoa pembe mbili nyekundu na kunuka. Ni sumu? Nipulize dawa gani?

Huyo wako kwa asilimia kubwa ni binamu, Papilio demodocus, yeye anapenda mashamba na bustani, dardanus ni wa msituni na kwenye ndimu zetu anatokea mara chache. Hizo pembe sio sumu kwako. Ni kiungo laini kinakaa kimekunjwa nyuma ya kichwa, akishtuka anakitoa kikiwa kimelowa asidi zenye uchachu mkali, sisimizi na buibui wanarudi nyuma. Kiwavi akikuzoea hazitoi tena, jaribu.

Dawa ya nini bwana? Mti mkubwa hausikii chochote. Mche mdogo ni kweli viwavi vitatu vinaweza kuumaliza majani, hapo pita asubuhi uvitoe kwa mkono, ukitaka uvihamishie kwenye mndimu mkubwa. Ukipuliza unaua na nyigu wadogo wanaokufanyia kazi bure, wapo wanaotaga ndani ya mayai ya kipepeo, wapo wanaotaga ndani ya kiwavi, na wapo wanaosubiri pembeni mpaka kiwavi ajivue awe pupa, palepale akiwa bado laini wanamchoma na kutaga ndani. Ukiona pupa ana tundu dogo la mviringo na hamna kipepeo aliyetoka, hao ndo wamepita.

Je kipepeo anakumbuka alipokuwa kiwavi?

Swali fupi jibu tamu. Kwa nondo mmoja, Manduca sexta, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown walijaribu na kutoa majibu mwaka 2008. Waliwanusisha viwavi harufu fulani na hapohapo wakawapiga shoti kidogo ya umeme, viwavi wakajifunza kuikimbia. Waliofundishwa wakiwa wadogo sana walisahau, ila waliofundishwa katika umri wa mwisho kabla ya pupa, walipotoka nondo waliendelea kuikimbia ile harufu. Yaani kuna sehemu ya ubongo inapita kwenye lile yeyusho lote ikiwa salama.

Nimesikia tangu mdogo unga wa mabawa ya kipepeo unapofusha macho. Kweli?

Hapana. Ule unga ni magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae, ndo yanayobeba rangi zote hizo tulizozungumzia. Yakiingia jichoni yatakuwasha kama vumbi lolote, nawa. Anayeumia ni kipepeo, maana hayaoti tena.

Nimekuta vipepeo kibao wamekaa kwenye tope penye mkojo wa ng'ombe wananyonya, na siku nyingine mmoja mkubwa kwenye kinyesi cha chui. Nilidhani wanakula maua tu, wamenivunja moyo.

Usivunjike. Mbochi ya maua ni sukari na maji, inampa nguvu ya kurukia, ila chumvi hamna. Kwenye tope ndo kuna sodiamu na madini mengine. Ukiwaangalia vizuri utaona karibu wote ni madume, madume wa dardanus nao wamo, wamekunjua mrija wananyonya na saa ingine maji yanatoka huku nyuma tone kwa tone kwasababu wanachotaka ni chumvi yake. Vipepeo kadhaa waliochunguzwa dume anaipitisha chumvi hiyo kwa jike wakati wa kupandana na inaishia kwenye mayai. Mahari hiyo.

Yule mkubwa wa kwenye kinyesi nadhani ni Charaxes, mnene, ana mbio za ajabu, mabawa ya mbele yamechongoka na kwa wengi ya nyuma yana vimikia vifupi. Huyo maua hana habari nayo, anataka matunda yaliyooza yakachacha, utomvu wa mti uliojeruhiwa, mavi, mpaka mzoga. Wanaomtafiti wanamtega kwa ndizi mbivu iliyovunda, anakunywa mpaka unaweza kumshika kwa vidole.

Nikitaka kumuona dardanus niende saa ngapi, na je naweza kuwafuga kwa biashara?

Nenda asubuhi jua likishachomoza vizuri, sio alfajiri. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, inabidi atandaze mabawa juani misuli ya kifua ipate moto ndo aruke, na siku ya mawingu mazito anajificha chini ya jani anakuacha unazunguka bure. Simama ukingoni mwa msitu au kwenye njia inayokata msitu, dume ana tabia ya kupita njia ileile kwenda na kurudi akitafuta majike, kwaiyo akikupita usimkimbilie, subiri palepale atarudi. Jike mtafute ndani zaidi kivulini. Pwani ya Kenya msitu wa Arabuko-Sokoke wapo, Kakamega wapo, Tanzania nenda Usambara Mashariki.

Biashara ipo na ina historia. Pale Gede kando ya Arabuko-Sokoke mradi wa Kipepeo ulianza 1993, wakulima waliopakana na msitu wanalea viwavi kwenye vizimba vya neti na kuuza pupa, pupa wanasafirishwa kwa ndege kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Amani kule Usambara nao walianzisha mradi wa namna hiyo. Dardanus ni mmoja wa wanaouzwa. Ila usiingie na neti kwenye hifadhi kienyeji, kibali lazima, na cha kwanza kupanda sio kizimba ni miti ya chakula, wengi wanaanza na vipepeo wakati majani hawana, wiki ya pili viwavi vimemaliza kila kitu na kufa. Alafu jipange na muda. Pupa anafungwa kwenye pamba ndani ya boksi akiwa na siku chache tu tangu ageuke, maana saa yake haisimami, akikwama njiani wiki nzima mteja atafungua boksi akute vipepeo wametoka humohumo gizani mabawa yamekunjika, na hao hakuna anayelipia.